Shajara ya Mradi wa Kumpokea Mtoto wa Pili

Wiki ya 11, siku ya 4

Ninafungua shajara hii kwa kueleza lengo la mradi kabla ya kuandika kazi yoyote. Lengo si kununua vitu vya mtoto, kwa kuwa vingi vya mtoto wetu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka 4, bado vimo kabatini na vinahitaji kufuliwa tu. Lengo ni kwamba itakapofika siku ya kujifungua, na kwa wiki 6 zitakazofuata, nyumba hii iweze kwenda bila kutegemea kumbukumbu yangu. Katika mimba ya kwanza nilitayarisha kila kitu kinachoshikika, lakini ni mimi peke yangu niliyejua kila kitu kiko wapi, kinatumika lini, na kikiisha nini kifanyike. Siku ya 3 baada ya kujifungua nilikuwa nimelala matiti yakiwa yamejaa na kuuma, na kila nusu saa mtu aliingia chumbani kuniuliza jambo dogo. Waliouliza hawakukosea, kwa kuwa sikuwa nimemwachia yeyote taarifa hizo.

Kazi yangu ni uhasibu. Hesabu iliyo kichwani mwa mtu mmoja haiwezi kukaguliwa wala kukabidhiwa, na ndiyo maana nimeamua kuandika.

Tarehe ya makadirio nimeikokotoa kwa kanuni iliyopewa jina la daktari Mjerumani, Franz Karl Naegele: unachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, unaongeza siku 7, unarudi nyuma miezi 3, kisha unaongeza mwaka mmoja, na unapata takriban siku 280, yaani wiki 40. Kipimo cha ultrasaundi cha juzi, ambacho hupima urefu wa mtoto kuanzia utosini hadi makalioni, kilitofautiana na hesabu yangu kwa siku 3 tu, kwa hiyo tarehe imebaki ileile. Hata hivyo ni watoto wachache sana wanaozaliwa siku yenyewe ya makadirio. Kwenye kalenda ya ukutani sikuweka alama ya siku moja. Nimezipaka rangi wiki zote kuanzia ya 37 hadi ya 41, ili mume wangu na mimi tuzoee kuona kipindi badala ya siku.

Pia nimejaza mahudhurio ya kliniki. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8: mara moja katika wiki 12 za mwanzo, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Tarehe hizo ndizo nguzo za mradi, na kazi nyingine zote nitazipanga katikati yake.

Wiki ya 14, siku ya 1

Kwa siku 7 nimeandika kila saa yangu imetumika wapi. Sikufanya hivyo ili kujilaumu. Nilitaka kujua mwili umeshachukua kiasi gani, kwa sababu uchovu wa miezi mitatu ya mwanzo hauonekani kwa macho na ni rahisi mtu kuudhania kuwa uvivu. Matokeo ni kwamba kuanzia saa kumi na mbili jioni sifanyi kazi yoyote ya maana. Ninasimama jikoni, ninaanza jambo, ninaliacha. Asubuhi, kichefuchefu kikishatulia, kati ya saa tatu na saa sita, akili iko wazi kabisa.

Uamuzi: kazi zote zinazohitaji hesabu au mazungumzo magumu nimezihamishia asubuhi, na jioni nimejiachia mambo mawili tu, kumwogesha mtoto na kumsomea hadithi. Haya mawili sitaki kuyakabidhi mapema, kwa kuwa ndiyo muda wetu yeye na mimi.

Jambo ambalo halijakaa sawa ni vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki. Vinanichafua tumbo, na katika siku 14 zilizopita nimevimeza siku 8. Ninaliandika hapa ili lisifichike.

Wiki ya 17, siku ya 5

Nimemsikia mtoto akicheza. Ilikuwa saa nne usiku, nikiwa nimelala chali, na mwanzoni nilidhani ni tumbo tu. Katika mimba ya kwanza nilisubiri hadi wiki ya 20 ndipo nikawa na uhakika. Safari hii mwili unakumbuka, na nilimtambua mara ya pili alipogonga.

Kwa upande wa mradi, wiki hii tumefanya kikao cha kwanza cha kukabidhiana kazi, mume wangu na mimi. Nimeandika kazi 31 za nyumbani kwenye karatasi moja, na tulipozipitia tuligundua kwamba kazi nyingi kati ya zile ambazo yeye huzifanya, mimi ndiye ninayemkumbusha. Kila kazi ya nyumbani ina sehemu mbili, ya mkono na ya kumbukumbu. Anayefua nguo amefanya sehemu ya mkono. Anayejua kwamba sabuni itaisha keshokutwa, na kwamba sare ya shule lazima ikauke kabla ya Jumatatu, anabeba sehemu ya pili, na hiyo ndiyo inayochosha usiku. Mume wangu alinisikiliza kwa makini, kisha akaniambia, "Mama, basi usinipe kazi nusu. Nipe zote mbili, nikikosea nitajua nimekosea." Tumekubaliana hivyo. Kazi 9 amezichukua nzima nzima, pamoja na kuzikumbuka, na mimi nimeahidi kutomkumbusha.

Ahadi hiyo ni ngumu kuliko nilivyotarajia. Jana usiku nilijizuia mara tatu.

Wiki ya 20, siku ya 2

Hudhurio la pili. Presha 110/70, mkojo hauna protini. Ultrasaundi ya kuangalia viungo imeonyesha moyo wenye vyumba vinne, uti wa mgongo ulio mzima, na kondo la nyuma lililokaa mbali na shingo ya kizazi. Tumeomba jinsia isitajwe.

Wiki ya 24, siku ya 6

Mtoto wetu wa kwanza amehamia chumba chake. Nimeitanguliza kazi hii miezi mitatu kabla ya muda niliokuwa nimepanga, kwa sababu moja: sikutaka akihama aone kwamba mwenzake ndiye aliyemtoa. Kama angehamishwa wiki ya 38, kitanda kingeondolewa na wiki mbili baadaye mtoto mchanga angelala palepale, na hakuna maneno ambayo yangemfanya mtoto wa miaka 4 asiunganishe mambo hayo mawili.

Usiku wa kwanza alirudi chumbani kwetu mara nne, wa pili mara tatu, na wa sita akalala hadi asubuhi. Anayemrudisha ni baba yake. Hilo pia tulilipanga, kwa sababu nitakapokuwa ninanyonyesha saa nane za usiku, mtoto mkubwa akilia atakuwa ameshazoea kwamba anayekuja ni baba.

Maswali yake ninayajibu kwa ukweli na kwa ufupi. Ameniuliza kama mtoto aliye tumboni anasikia. Nimemwambia kwamba sasa anaanza kusikia sauti, hasa yangu kwa kuwa inapita ndani ya mwili. Tangu hapo kila jioni anaweka mdomo karibu na kitovu changu na kulitaja jina lake mwenyewe, polepole, ili mwenzake alijue.

Wiki ya 26, siku ya 0

Hudhurio la tatu, na tatizo la kwanza la mradi. Wingi wa damu (hemoglobini) ni gramu 10.1 kwa desilita. Katika miezi mitatu ya kati kiwango kikishuka chini ya 10.5 huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Mkunga alinieleza sababu kwa utaratibu: katika ujauzito maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo kushuka kidogo ni jambo la kawaida, lakini mtoto naye anajijengea akiba yake ya madini chuma kutoka kwangu, na mama asiyemeza vidonge hulipa mara mbili. Akaniuliza moja kwa moja, "Mama, vidonge unavimeza kila siku?" Nikamjibu kwamba hapana, na kwamba ninayo kumbukumbu ya siku nilizoruka. Hakunikaripia. Alichukua daftari langu, akahesabu, kisha tukapanga upya.

Mpango mpya ni huu. Kwa sasa dozi imepandishwa hadi miligramu 120 za madini chuma kwa siku, tofauti na 30 hadi 60 za kawaida, hadi kiwango kitakapofika 11. Vidonge nitavimeza usiku ninapokwenda kulala badala ya asubuhi, ili kichefuchefu kinikute usingizini. Nitavimeza pamoja na tunda lenye vitamini C, ambayo husaidia madini hayo kufyonzwa, na chai na kahawa nitaziweka mbali na milo kwa kuwa huzuia ufyonzwaji. Vidonge vya kalsiamu vitamezwa saa nyingine kabisa. Mkunga alinionya pia kwamba choo kitakuwa cheusi na kigumu, nisishtuke, ninywe maji ya kutosha na nitembee.

Kazi ya kukumbuka vidonge sikumkabidhi mume wangu. Hii ni yangu.

Siku hiyohiyo nilipimwa sukari: sampuli ya kwanza nikiwa sijala, kisha nikanywa glukosi gramu 75, kisha sampuli mbili zaidi baada ya saa moja na saa mbili. Majibu yote yako sawa.

Wiki ya 29, siku ya 3

Usingizi umekuwa kazi inayohitaji ratiba yake. Ninalala kwa ubavu, kwa kuwa tumbo likishakuwa zito kulala chali huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na kuanzia wiki ya 28 wajawazito hushauriwa waanze usingizi wao kwa ubavu. Mto mmoja uko kati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo. Kiungulia hunijia nikila baada ya saa moja usiku, kwa hiyo chakula cha jioni sote tumekirudisha nyuma hadi saa kumi na mbili.

Kazini nimeomba kupunguziwa saa mbili kwa siku kuanzia wiki ya 34, na nimekubaliwa baada ya kuwasilisha mpango wa makabidhiano ulioandikwa. Niliutengeneza kwa mfano uleule wa nyumbani: kila kazi, mtu wake, na kumbukumbu yake iko wapi.

Wiki ya 30, siku ya 1

Wingi wa damu 10.7. Tunaendelea vilevile.

Wiki ya 32, siku ya 5

Siku hii ninaiandika kwa urefu.

Mtoto huyu ana mazoea yake. Hucheza ninapomaliza kula, hutulia mchana, na kati ya saa tatu na saa tano usiku hugeuka kwa nguvu hadi blanketi linatikisika. Tangu wiki ya 28 nimekuwa nikiyafuatilia mazoea hayo kwa sababu nilifundishwa kwamba kinachohesabika zaidi ni mtindo wa mtoto mwenyewe, na kwamba ukibadilika ghafla mama asisubiri asubuhi. Juzi usiku saa nne ilipita, saa tano ikapita, na sikusikia chochote. Nililala kwa ubavu wa kushoto, nikaweka mkono tumboni na kutulia kabisa. Kulikuwa na msogeo mmoja mdogo, wa uvivu, kisha kimya.

Nilitaka kusubiri. Ninakiri hivyo kwa sababu ninadhani akina mama wengi hupita hapohapo: usiku ni mkubwa, mtoto mwingine amelala, mume amechoka, na aibu ya kuambiwa "hakuna kitu" ina uzito wake. Nilipomwamsha mume wangu nilianza kwa kuomba radhi. Yeye hakuuliza swali hata moja. Alifungua karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, akapiga simu kwa jirani aliyekubali kuja kulala na mtoto wetu wakati wowote, akachukua kadi yangu ya kliniki kwenye droo ya juu, na baada ya dakika 20 tulikuwa njiani. Hakuniuliza kadi iko wapi.

Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa kati ya 130 na 150 kwa dakika, ndani ya kiwango cha kawaida cha 110 hadi 160, na yalipanda vizuri kila alipojisogeza. Walinifunga mikanda ya kipimo kwa dakika 40, na katikati ya muda huo akaanza kucheza kama kawaida yake. Nililia. Mkunga wa zamu, mama wa makamo, alikaa kando ya kitanda na kuniambia, "Umefanya sawasawa, mwanangu. Likitokea tena kesho, uje tena kesho." Alinisisitizia pia kwamba nisijaribu kunywa kitu chenye sukari na kusubiri aamke, wala kusikiliza moyo kwa kifaa cha nyumbani na kuridhika, kwa kuwa moyo unaosikika hauelezi hali yote ya mtoto.

Kabla ya usiku ule nilidhani mradi huu unaniondolea uchovu. Sasa ninauona kwa uzito mwingine: saa ile sikuwa na nafasi kichwani ya kukumbuka kadi iko wapi.

Wiki ya 34, siku ya 2

Mkunga alitumia muda mrefu kuzungumza nasi wawili. Kwanza, dalili za hatari, ambazo sasa ziko kwenye karatasi ya mlangoni kwa maandishi makubwa: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana pasipo kutulia, kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, homa, maji kuvuja, na mtoto kupunguza kucheza. Presha inayofika 140/90 baada ya wiki ya 20 inahitaji uchunguzi, kwa kuwa inaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba, na mama anaweza kuwa nayo bila kujisikia mgonjwa. Ndiyo maana hudhurio lolote halipaswi kurukwa hata mwili ukiwa na nguvu. Yangu ni 115/75, na wingi wa damu umefika 11.2.

Pili, kujifungua kwenyewe. Nimeeleza ninachokitaka endapo hali itaruhusu: mtoto awekwe kifuani pangu ngozi kwa ngozi mara tu anapozaliwa, kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita ili apate damu iliyobaki kwenye kondo, anyonye ndani ya saa ya kwanza, na asiogeshwe kabla ya saa 24. Mume wangu ameyaandika kwa mkono wake.

Tatu, kunyonyesha. Kwa mtoto wa kwanza chuchu zilichanika kwa sababu alikuwa akishika ncha tu, na hakuna aliyenionyesha mapema. Nimejifunza safari hii nikiwa na utulivu: mdomo uwe wazi kabisa, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeuke nje, na weusi wa titi uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini.

Kitanda cha mtoto kimefungwa upande wangu. Godoro ni gumu na tambarare, na juu yake kuna shuka lililobanwa tu. Dada yangu alileta mto mdogo na pedi laini za kuzungushia kitanda, kwa upendo mkubwa, na nilimweleza kwa heshima kwa nini sitaviweka: mtoto mchanga hulazwa chali, pasipo kitu laini karibu na uso wake. Uingereza ilianza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikapungua sana. Dada alielewa, na mto ameupokea mtoto mkubwa.

Wiki ya 36, siku ya 4

Kichwa cha mtoto kiko chini. Mfuko wa hospitali umefungwa na mume wangu, mimi nikiwa nimekaa na kunyamaza. Alisahau pedi. Alizikumbuka mwenyewe kesho yake.

Wiki ya 38, siku ya 1

Tumefanya jaribio la siku nzima. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku nilikaa chumbani kama mzazi aliyejifungua jana, na hakuna aliyeruhusiwa kuniuliza jambo la nyumba. Maswali mawili yalinifikia, yote mawili kuhusu dawa ya kikohozi ya mtoto, na nimeongeza kipimo chake na mahali pake kwenye karatasi.

Jioni tumbo lilikaza mara sita kwa mpangilio usio sawa, bila maumivu ya kuongezeka, na nilipotembea likaachia. Haya ndiyo mikazo ya mazoezi, ambayo daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliieleza mwaka 1872. Uchungu wa kweli hauachii kwa kutembea. Hukaribiana, hurefuka na huzidi nguvu. Tumekubaliana kuondoka mikazo ikija kila dakika 5, kila mmoja ukidumu dakika moja, kwa muda wa saa nzima, au mara moja endapo chupa itapasuka.

Wiki ya 39, siku ya 3

Ingizo hili linaandikwa na baba. Uchungu ulianza saa sita na robo usiku. Jirani alifika saa nane kasorobo. Mtoto wa kike amezaliwa saa kumi na moja na dakika 20 alfajiri, kilo 3.2. Alama zake za Apgar, zinazoonyesha hali ya mtoto mara baada ya kuzaliwa kati ya 0 na 10, zilikuwa 8 katika dakika ya kwanza na 9 katika dakika ya tano. Kitovu kilisubiriwa. Amenyonya kabla ya saa moja kwisha. Mama yake presha 118/76, amepata usingizi wa saa mbili.

Nyumbani: mtoto mkubwa amekula, sare iko kwenye kamba, sabuni imenunuliwa. Hadithi nimemsomea mimi kwa mara ya kwanza, mbili badala ya moja, na taa imezimwa saa mbili na nusu usiku.